SOMO LA AFYA: Kabla ya Kuvuta Kiko au Shisha kwa Mara ya Kwanza

Msimu wa mapumziko ya Desemba una furaha yake. Mitihani imekwisha, jamaa wamerudi nyumbani na vijana hukutana jioni kupiga gumzo. Ni katika vikao kama hivyo ambapo wengi hushikishwa bomba la shisha kwa mara ya kwanza. Wengine huanza na kiko cha mkononi, ama kwa sababu walimwona babu akikivuta, ama kwa kudhani ni afadhali kuliko sigara.

Anayeanza huwa na swali moja: nivute vipi nisidhurike? Ni swali la haki, na linastahili jibu la wazi. Jibu ni kwamba njia hiyo haipo. Lakini kumwambia mtu “usivute” bila kumweleza sababu hakumsaidii. Katika somo hili tutaeleza jinsi vifaa hivi vinavyofanya kazi, ili mkazi aamue akiwa anajua.

Kifaa chenyewe

Shisha si kitu kigeni kama vijana wanavyodhani. Wazee wa Pwani walikuwa na kiko cha maji kilichotengenezwa kwa kifuu cha nazi, na Kiswahili bado kina majina ya sehemu zake: bori ni kibakuli cha kuwekea tumbaku, na digali ni mrija unaoshuka hadi kwenye maji. Shisha ya leo ni ile ile, ila imevishwa kioo na rangi. Juu kuna kibakuli chenye tumbaku iliyochanganywa na asali au molasi na ladha ya matunda. Juu ya tumbaku huwekwa makaa yanayowaka. Mvutaji anapovuta bomba, moshi hushuka, hupita ndani ya maji, kisha humfikia mdomoni.

Je, maji huosha moshi?

Huu ndio udanganyifu mkubwa kuliko wote. Maji huupoza moshi, lakini hayaondoi sumu zake. Moshi ukiwa wa baridi na wenye harufu ya tufaha haukwaruzi koo, kwa hivyo mvutaji huuvuta kwa kina zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Nikotini, lami na gesi za sumu hupita kwenye maji na kuingia kwenye mapafu.

Tazama pia kiasi. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza mwaka 2005 kwamba mtu huvuta sigara moja kwa mikupuo 8 hadi 12, kwa muda wa dakika 5 hadi 7. Kikao kimoja cha shisha huchukua dakika 20 hadi 80, na mvutaji huvuta mikupuo 50 hadi 200, tena mikubwa. Kwa wingi wa moshi, kikao kimoja kinaweza kulingana na sigara 100 au zaidi. Kwa hivyo yule anayesema, “Mimi sivuti sigara, navuta shisha tu wikendi,” hajakwepa chochote.

Shisha inayouzwa kama “isiyo na tumbaku” nayo hutoa lami na gesi ya makaa. Ilichokosa ni nikotini pekee.

Jiko ndani ya nyumba iliyofungwa

Kila mkazi wa kaunti hii anajua hatari ya kulala na jiko la makaa chumbani huku madirisha yamefungwa. Kinachoua ni gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushikamana na chembechembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa hewa ingawa mtu anapumua.

Sasa fikiria makaa yaliyo juu ya shisha. Ni makaa yale yale, na gesi ni ile ile. Tofauti ni kwamba mwenye jiko hupata gesi iliyosambaa chumbani, ilhali mvutaji wa shisha huivuta moja kwa moja kwa bomba. Anayeanza akihisi kichwa kinazunguka na miguu inalegea, wenzake humwambia, “Hiyo ni stimu, utazoea.” Mara nyingi hiyo si stimu. Ni dalili za damu kukosa oksijeni, pamoja na nikotini ambayo mwili haujaizoea.

Kiko cha babu

Wapo watakaosema babu alivuta kiko hadi akafika miaka tisini. Huenda ni kweli. Lakini tunamkumbuka babu aliyeishi na kuwasahau wenzake waliokufa mapema. WHO inakadiria kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 duniani kila mwaka.

Wavutaji wa kiko husema hawamezi moshi, huuacha mdomoni tu. Hata hivyo, nikotini ya tumbaku ya kiko hupenya kupitia ngozi laini ya ndani ya mdomo, kwa hivyo uraibu huja hata bila kumeza moshi. Moshi huo unaokaa mdomoni huongeza hatari ya saratani ya mdomo, ulimi, koo na umio. Anayehama kutoka sigara kwenda kiko kwa kawaida huendelea kumeza moshi kama alivyozoea, na hatari ya mapafu hubaki pale pale.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Pia inakataza kuvuta katika maeneo ya umma, na anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Kiko kimo katika sheria hiyo sawa na sigara.

Kuhusu shisha, Wizara ya Afya ilitoa kanuni za kuipiga marufuku Desemba 2017, na Julai 2018 Mahakama Kuu ikakataa kuzifuta. Januari 2024 mahakama ya hakimu huko Shanzu, Mombasa, iliwaachilia washtakiwa kwa hoja kwamba kanuni hizo hazikupitia Bunge inavyotakiwa. NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na matumizi ya pombe na dawa za kulevya, ilishikilia kwamba marufuku ingalipo. Mabishano ya mahakamani yasikupotoshe. Mapafu hayangoji hukumu.

La kufanya

Ukipewa bomba: Huna haja ya kutoa hotuba. Sema, “Asante, mimi sivuti,” kisha endelea na mazungumzo. Bomba linalozunguka hubeba pia mate ya kila aliyevuta, pamoja na vijidudu vyake.

Mwenzako akizidiwa: Ukiona anaumwa kichwa ghafla, anatapika, anachanganyikiwa au anazirai, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja. Usimlaze chumbani “apumzike”. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, na umwambie mhudumu waziwazi kwamba alikuwa akivuta shisha. Usione haya. Habari hiyo humwezesha mhudumu kufikiria gesi ya makaa na kumpa oksijeni bila kuchelewa.

Mama mjamzito: Asivute, na asikae penye moshi. Moshi huo humnyima mtoto oksijeni na unaweza kusababisha azaliwe na uzani mdogo.

Kama umeshaanza: Wakati rahisi wa kuacha ni sasa, kabla uraibu haujakomaa. Siku 2 au 3 za kwanza ndizo ngumu zaidi: utakuwa mwepesi wa hasira, usingizi utapungua na hamu itakujia. Hamu hiyo hupita baada ya dakika chache. Kunywa maji, tembea, mpigie rafiki. Kwa wengi hali hutulia ndani ya wiki 2 hadi 4. Faida huja mapema: dakika 20 baada ya kuacha mapigo ya moyo huanza kushuka, baada ya saa 12 kiwango cha kaboni monoksaidi katika damu hurudi kawaida, na baada ya mwaka 1 hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo huwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

Msaada upo. Zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji au mtaa wako, fika katika zahanati iliyo karibu, au piga simu ya NACADA nambari 1192 bila malipo.

Maswali ya kujipima

Wazazi na walezi, someni maswali haya pamoja na vijana wenu:

1. Maji ya shisha hufanya nini kwa moshi, na hayafanyi nini?
2. Kuna uhusiano gani kati ya shisha na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa?
3. Kwa nini mvutaji wa kiko asiyemeza moshi bado hupata uraibu?
4. Mwenzako akizirai kwenye kikao cha shisha, utachukua hatua gani tatu?

Kijana anayeweza kujibu swali la nne anaweza kuokoa maisha ya mwenzake Desemba hii. Anayeweza kujibu matatu ya kwanza ana kila sababu ya kulipitisha bomba bila kulivuta.