Shakwe wa Sabaki: Fuata Maji, Kisha Tazama Miguu

Kuanzia Oktoba hadi Aprili, mafungu ya mchanga kwenye mlango wa Mto Sabaki, kilomita chache kaskazini mwa mji wa Malindi, hujaa shakwe. Wengi wao ni wageni. Kuna waliokimbia barafu ya kaskazini mwa Urusi, na kuna waliomaliza kulea makinda kwenye visiwa vya Bahari ya Shamu na pwani ya Oman. Mto huu, ambao huko juu huitwa Athi na kisha Galana, huleta matope yenye chakula na maji baridi ya kuogea. Ndege wa baharini hupenda sana kuoga maji yasiyo na chumvi.

Watazamaji wengi hufika asubuhi. Si wakati mzuri. Jua huchomoza upande wa bahari na kukupiga usoni, kwa hiyo kila ndege huonekana mweusi. Maji yakiwa yamekupwa, ndege nao wametawanyika kutafuta chakula. Muulize mvuvi yeyote siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hujaa alasiri, mnamo saa kumi au baadaye kidogo, jua likiwa mgongoni mwako. Maji yakipanda, ndege husukumwa hadi kwenye fungu dogo lililobaki kavu na kukaa pamoja, wadogo kwa wakubwa. Hapo ndipo darubini inapofaa.

Matatu za Malindi kwenda Mambrui hupita kwenye daraja la Sabaki, na kutoka hapo utashuka kwa miguu. Fuatana na mwenyeji anayezijua njia, na usivuke mto kwa kutembea majini: kuna viboko na mamba.

Kwanza watenge buabua, maana hukaa kundi moja na shakwe. Buabua ana miguu mifupi sana, mdomo mwembamba uliochongoka na mkia wenye panda, na akiwinda hujitupa majini kichwa mbele. Shakwe ni mnene zaidi, hutembea kwa raha, na huokota chochote anachokiona, hata matumbo ya samaki.

Sasa tazama miguu kabla ya rangi ya mgongo. Rangi ya mgongo hudanganya kufuatana na mwanga, lakini miguu ya ndege mzima haina utata mwingi. Miguu ya manjano iliyofifia, mwili wa kahawia iliyokolea na kichwa cheusi kama masizi: huyo ni shakwe anayeitwa kisayansi Ichthyaetus hemprichii, na ndiye utakayemwona kwa wingi. Mdomo wake ni mnene, wa manjano-kijani, una pete nyeusi na ncha nyekundu. Ana ukosi mweupe shingoni kwa nyuma na alama ndogo nyeupe juu ya jicho. Mchunguze huyu mpaka umjue akiwa amekaa, akiruka, hata akikupa mgongo. Atakuwa kipimo chako kwa wengine wote.

Ukiona aliyemzidi kimo, kichwa cheupe, mgongo wa kijivu iliyokolea, miguu ya manjano na doa jekundu chini ya mdomo wa manjano, ni Larus fuscus. Wanaofika pwani hii aghalabu ni wa jamii ya heuglini, kutoka tundra ya Urusi.

Wadogo wenye miguu myekundu wanahitaji subira zaidi. Shakwe kichwa-kijivu ni wa Afrika hii hii, na maziwa ya bara ndiyo kwao hasa. Mwenzake, Chroicocephalus ridibundus, hutoka Ulaya na Asia. Kofia yake ya kahawia hutoweka majira ya baridi na kubaki doa jeusi nyuma ya jicho. Basi tazama jicho lenyewe: wa Afrika akiwa mzima ana jicho jeupe, mgeni ana jeusi. Wakiruka, mgeni huonyesha mstari mpana mweupe kwenye ukingo wa mbele wa bawa. Wa Afrika ana ncha nyeusi zenye madoa meupe.

Shakwe wachanga ni shughuli nyingine. Yule mkubwa huchukua takriban miaka minne kupata manyoya ya utu uzima, na katika muda huo hubadilika badilika hata wataalamu wakabishana. Andika tu “mkubwa, mchanga”, uendelee. Hakuna aibu.

Usilisogelee kundi ili tu upate picha. Wakati wa maji kujaa ndege hawa wanapumzika, na kila wanaporushwa hupoteza nguvu watakazozihitaji kwa safari ya kurudi. Wakianza kuinua vichwa wote pamoja, umefika karibu mno, rudi nyuma. Ukimaliza, tuma orodha yako kwa mradi wa Kenya Bird Map, hata kama ina aina moja tu ya shakwe.