Ninavyoutambua mradi kabla ya kugusa bajeti

Nikiletewa andiko la mradi, bajeti naiweka kando kwanza. Natafuta mahali panaposema nini kitakabidhiwa, kwa nani, na lini. Pasipokuwapo, nalirudisha kwa mwenyewe, hata kama mfadhili ameshakubali kutoa fedha.

Nafanya kazi za maji vijijini. Kuchimba kisima kirefu, kufunga pampu ya umeme jua, kujenga tangi na kulaza mabomba hadi kwenye vituo vya kuchotea, huo ni mradi. Una siku ya kuanza na ya kufungwa, una fungu lake, na watu wake (mpimaji, mkandarasi, fundi umeme) hutawanyika kazi ikiisha. Na hata kwa aliyechimba vingi, kila kisima kina mambo yake: mwamba wake, kina chake, chumvi yake. Lakini kuuza maji kwa ndoo kuanzia siku inayofuata kufungwa kwa mradi ni uendeshaji, kazi ya kila siku isiyo na tarehe ya mwisho. Kwa Tanzania hukabidhiwa chombo cha watumia maji, CBWSO, chini ya usimamizi wa wakala wa maji vijijini, RUWASA. Vivyo hivyo reli ya kisasa, SGR: ujenzi wa kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro, ulioanza 2017, ulikuwa mradi; kusafirisha abiria, tangu Juni 2024, ni biashara ya kila siku ya shirika la reli, TRC.

Sasa chukua sentensi ninayokutana nayo kila mara: "Kuboresha huduma ya maji kijijini." Hiyo haifungiki, maana huduma huboreshwa milele. Naiandika upya hivi: "Ifikapo 30 Juni, vituo 6 viwe vinatoa maji, kila bomba lijaze ndoo ya lita 20 kwa dakika 2 au pungufu, na hati ya makabidhiano isainiwe na mwenyekiti wa chombo." Vituo 6 vinatokana na wakazi 1,500 wa kijiji hicho, kwa kuwa Sera ya Maji ya 2002 ilitaka kituo kimoja kwa watu 250. Siku ya makabidhiano ndoo inawekwa bombani, saa inashikwa, kila mtu anaona.

Halafu, kabla ya kusaini, nauliza bei ya ndoo imepangwa shilingi ngapi na kama inatosha kumlipa fundi pampu ikiharibika. Nataka jibu litoke kwa mweka hazina wa chombo, si kwa mkandarasi.