Kushona Sketi ya Kitambaa Kinachovutika

Likizo ya Desemba iliyopita mama alininunulia yadi moja ya kitambaa cheusi cha fulana kwa fedha ya korosho. Nikashona sketi ya kubana ili niivae arusini, hapa hapa Naliendele. Nilipoketi mkekani nilisikia tatata! Mshono wa ubavuni ulikatika toka nyonga hata karibu ya goti. Shangazi alinirushia khanga, nami sikuinuka tena mpaka watu walipotawanyika. Lakini kitambaa kilikuwa kizima. Kilichokatika ni uzi tu.

Sababu yake ni hii. Khanga imefumwa kama mkeka, nyuzi zapitana juu na chini, kwa hiyo haivutiki. Fulana ni vitanzi vilivyoshikana. Ukiivuta vitanzi hufunguka, ukiiachia hurudi. Basi mtu akiketi kitambaa hurefuka, lakini uzi ulioshonwa moja kwa moja hauna wa ziada, nao hukatika.

Wenzangu mnaotaka kujaribu, kwanza pimeni kitambaa. Shika inchi 4, vuta. Kikifika inchi 5 na kurudi, chafaa. Kifue kabla ya kukata, maana cha pamba huruka. Upande unaovutika zaidi uzunguke mwili.

Nyonga yangu ni inchi 36, kiuno 26. Nilikata vipande viwili, kila kimoja kwenye mkunjo. Robo ya nyonga ni 9, na nusu inchi ya mshono, jumla 9½. Juu kiunoni na chini kwenye pindo nilipunguza inchi moja, ikawa 8½. Urefu 24, ongeza 1½ ya juu kwa mpira na 1 ya pindo. Kiuno cha sketi chapata inchi 32, nacho huvutika kupita nyonga. Ndiyo maana zipu haihitajiki.

Sasa mshono, na hapa ndipo nilipokosea. Cherehani yenye zigizagi haina taabu. Yetu nyumbani ni ya miguu, ya zamani, yaenda moja kwa moja tu. Nilifumua yote, nikapiga bandi, kisha nikashona huku nakivuta kitambaa kidogo kwa mikono miwili, mmoja mbele ya sindano na mmoja nyuma. Kikirudi, uzi hubaki na akiba. Usivute mno, kitakunjamana kama jani la kabichi. Tumia uzi wa poliesta, si wa pamba. Sindano iwe ya ncha ya mviringo, ambayo husukuma vitanzi kando. Iliyochongoka huvitoboa, na baada ya kufua mara mbili utaona vitundu.

Mpira wa kiuno uwe na upana wa inchi moja. Kata inchi 25, ukutanishe ncha kwa inchi moja. Pindo la chini nalo lishonwe kwa kuvuta vile vile, la sivyo litakatika siku ya kwanza unapopanda daladala.

Sketi hiyo hiyo nimeivaa kwenye mahafali yetu mwaka huu. Nimeketi, nimeinuka, nimecheza ngoma. Shangazi alikuja na khanga ya akiba mkobani, akarudi nayo nyumbani haijakunjuliwa.