Jiwe Lenye Tundu: Uchongaji wa Kisasa wa Uingereza

Muhula uliopita, katika mkutano wa chama chetu, niliwaonyesha wenzangu picha niliyoipata katika kitabu cha maktaba. Ilikuwa ya sanamu ya Henry Moore ya mwaka 1938: mwanamke wa jiwe amejilaza, na kiwiliwili chake kina tundu linalopenya hadi upande wa pili. Chumba kizima kikaangua kicheko. "Huyu alipigwa risasi ama?" akauliza mmoja. "Hata mimi naweza hiyo," akadakia mwingine. Nilikosa la kusema, nikaketi. Makala haya ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa.

Hebu tuanzie nyuma kidogo. Katika karne ya 19, mchongaji mwenye jina kule Uingereza aghalabu hakuchonga! Alifinyanga mfano kwa udongo, kisha mafundi wake wakaupima na kuunakili kwenye marumaru, au wakausubu kwa shaba. Sanamu ikipandishwa juu ya kiweko, kazi imekwisha: mfalme, jemadari, ama malaika wa makaburini.

Aliyetibua mambo ni Jacob Epstein, mzaliwa wa New York aliyehamia London mwaka 1905. Mwaka 1908 sanamu zake 18 za watu walio uchi ziliwekwa kwenye kuta za jengo la chama cha madaktari, mtaa wa Strand. Magazeti yakapiga kelele ati ni aibu tupu. Mwaka 1937, jengo likiwa mikononi mwa serikali ya Rhodesia ya Kusini, sehemu zilizochomoza, nyuso zikiwemo, zilikatwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba zingewaangukia wapita njia. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980 jengo likaitwa Zimbabwe House, na sanamu zile zilizokatwa nyuso zingali ukutani.

Epstein na vijana waliomfuata walishikilia jambo moja: mchongaji ashike patasi mwenyewe, akate jiwe lenyewe, na jiwe liachwe lionekane jiwe, lisijifanye ngozi wala hariri. Mmoja wao, Mfaransa Henri Gaudier-Brzeska, aliuawa vitani mwaka 1915 akiwa na miaka 23 tu.

Wazo hilo walilitoa wapi? Hapa ndipo ninapogombana na vitabu. Sehemu walilitoa Paris, kwa Brancusi. Lakini sehemu kubwa walilitoa kwenye vinyago vya Afrika na mawe ya Meksiko. Epstein alinunua vinyago vya Kiafrika hata nyumba ikajaa. Moore naye, mtoto wa mchimba makaa ya mawe kutoka Castleford, alipofika London mwaka 1921 kusoma, akawa haondoki katika Makumbusho ya Uingereza. Vitu vile vilifikaje huko? Vingine vilinunuliwa, vingine vilitekwa nyara, kama vile vya Benin mwaka 1897, jeshi la Waingereza lilipoutwaa mji ule. Kazi ya Moore ina jina la Moore. Kinyago alichojifunzia aghalabu hakina jina la mtu, kwa sababu aliyekichukua hakujali kuuliza. Wamunyu wapo wachongaji wanaoanza na gogo na tezo, bila mfano wa udongo, na hakuna anayewaita wanamapinduzi.

Haya, turudi kwa tundu letu. Barbara Hepworth wa Wakefield alitoboa jiwe mwanzoni mwa miaka ya 1930, na Moore, aliyesoma naye Leeds, akafanya hivyo pia. Kabla ya hapo sanamu ilikuwa na mbele na nyuma. Ukitoboa, pande mbili zinaungana. Mwanga unapita, na ile nafasi tupu nayo inakuwa na umbo. Jiwe si laini, jamani. Ukikosea pigo moja karibu na tundu, kazi ya miezi inapasuka. Anayesema hata yeye anaweza, na ajaribu.

Sanamu ya Hepworth iliyo mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, tangu 1964, ni ya shaba, ina urefu wa mita zipatazo 6.4, na ina tundu la duara upande wa juu. Ni kumbukumbu ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu aliyekufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola mwaka 1961.

Baada ya vita vya pili vijana walichoka na mawe, wakashika vifaa vya kulehemu. Anthony Caro, aliyekuwa msaidizi wa Moore, aliunganisha vipande vya chuma mwaka 1962, akavipaka rangi nyekundu na kuviweka chini sakafuni. Hakuna kiweko! Unatembea kando ya sanamu kama unavyotembea kando ya meza.

Lakini aliyenishangaza zaidi ni Rachel Whiteread. Mwaka 1993 alichukua nyumba iliyokuwa ibomolewe mashariki mwa London, akaipaka zege kwa ndani, kisha kuta zikaondolewa. Utupu wa vyumba ukasimama uwanjani, mzito. Januari 1994 ukabomolewa.

Kuna na Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kuhamia Uingereza mwaka 1971. Yeye hufinyanga vyungu kwa mkono, bila gurudumu. Hujenga udongo kuuzunguka utupu, kisha huusugua hadi ung'ae. Mwaka 2019 vyungu vyake vilionyeshwa katika jumba la Hepworth mjini Wakefield, pamoja na vitu alivyovichagua mwenyewe kutoka nchi na karne mbalimbali. Jina la mfinyanzi liliandikwa.