Mwanangu anatafuna muguka na wenzake, nifanyeje?

"Shangazi, mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Kisauni, Mombasa. Kijana wangu wa pili ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Tangu mwaka huu uanze hali chakula cha usiku, halali mpaka karibu na alfajiri, na asubuhi kumwamsha kwenda shule ni vita. Juzi nikifua suruali yake nilikuta majani ya muguka mfukoni, pamoja na bigijii na njugu. Nikamwuliza ni nani kati ya wale wenzake watatu anayemlazimisha. Ameapa kwamba hakuna aliyemlazimisha, na kwamba hata babake hutafuna Jumamosi na wazee wa maskani. Kaka yangu ataka tumpeleke Kilifi kwa babu yake. Babake asema achapwe tu. Nimelia mpaka nimechoka. Nifanyeje?" – Mama Kijana, Kisauni

Shangazi angependa mama huyu aanze kwa kumwamini mwanawe katika jambo moja: huenda ni kweli hakuna aliyemlazimisha. Wazazi wengi wakisikia shinikizo la rika humwazia kijana mmoja mkorofi anayemtilia mwenzake jani mdomoni. Wako wa namna hiyo. Lakini mara nyingi hakuna anayesema neno. Watatu wamekaa barazani, mfuko uko katikati, kila mmoja anachota. Wa nne, aliyekaa mikono mitupu, ndiye anayeanza kujiona mgeni, na kwa mtoto wa miaka 15 kujiona mgeni mbele ya wenzake ni adhabu kubwa kuliko kiboko cha babake.

Hili limepimwa. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, walichapisha utafiti wa mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari. Walioshiriki walikuwa vijana wa miaka 13 hadi 16, wengine wa miaka 18 hadi 22, na watu wazima. Vijana wadogo waliocheza marafiki zao wakiwa kando walihatarisha gari zaidi sana kuliko wale waliocheza peke yao. Watu wazima hawakubadilika, wawe na wenzao au wawe peke yao. Mwaka 2011 Jason Chein, Steinberg na wenzao walipima ubongo wa vijana wakati wa mchezo kama huo. Safari hii marafiki walikuwa chumba cha pili, wakitazama tu, na bado sehemu za ubongo zinazotarajia raha zilichangamka zaidi. Kwa hiyo mama akimsaka mlazimishaji atachoka bure. Kinachomvuta kijana ni lile baraza lenyewe.

Kuna jambo jingine linaloufanya muguka kuwa mgumu kuliko bangi. Bangi mzazi wa Kenya anaweza kumwambia mwanawe kwamba sheria imeikataza. Muguka si hivyo. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku kuuingiza na kuuuza Mombasa, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Wakulima wa Embu, wanakoutegemea kwa riziki, walipinga vikali. Rais William Ruto akasema marufuku hizo hazina nguvu kwa kuwa miraa, muguka ukiwemo, ni zao linalotambuliwa na sheria ya taifa, na mahakama nayo ikazisimamisha. Kijana wa Kisauni aliyaona hayo yote kwenye simu. Mama akimtishia polisi, atajibiwa.

Basi asimame kwenye afya, maana hapo ana hoja nzito. Ndani ya jani hilo kuna kathinoni, kemikali inayouchangamsha mwili kwa namna inayofanana na amfetamini. Moyo unakwenda mbio, njaa inakatika, usingizi unatoroka. Mtu mzima akikosa usingizi usiku mmoja atalala kesho. Mwanafunzi anayekosa usingizi wiki baada ya wiki anaketi darasani macho wazi na hashiki kitu. Kisha wapo wanaotafuta bangi au vidonge ili wapate kulala, na hapo ndipo safari inapokuwa mbaya kweli. Mama na amwulize mwanawe swali hili kwa upole na bila kuzunguka: "Usingizi ukikataa, unatumia nini?" Amwulize mchana, akiwa ameshiba na ametulia, si saa saba za usiku stimu ikiwa imepanda.

Kumpeleka Kilifi, Shangazi anakataa. Kama muguka haungekuwa Kilifi, kaunti hiyo isingehangaika kuupiga marufuku. Kijana atafika ugenini bila shule aliyoizoea, bila mama, na atatafuta baraza la kwanza litakalompokea. Kumchapa nako kutamfundisha kuficha vizuri zaidi, na mama atapoteza kile kidogo anachoambiwa sasa.

Linalobaki ni la baba, na Shangazi anaomba radhi ya heshima kwa mzee wa nyumba hiyo kwa kulisema gazetini. Kijana ametoa hoja, na hoja yake haijajibiwa. Kutafuna maskani Jumamosi ni desturi ya wanaume wengi wa Pwani. Mambo ya ndoa na mazishi hupangwa hapo, na wengi hurudi nyumbani salama wakaenda kazini Jumatatu. Baba anaweza kusema hayo yote na yakawa kweli. Ila mtoto aliyelelewa akiona kwamba wanaume wakikutana hutafuna, hawezi kushangaa mwanamume mwenzake anapomfanyia nafasi barazani. Baba ana njia moja ya kusikilizwa, nayo ni kuacha. Aache kwanza, kisha amwite mwanawe, amweleze kwa nini ameacha na jinsi ilivyo vigumu kukaa na wenzake mikono mitupu. Hicho ndicho kitu kile kile kijana anachoshindwa kukifanya. Akiona mtu mzima anakifanya, tena mbele ya wazee waliomzoea, atakuwa amepata mwalimu. Hilo kiboko hakiliwezi.

Halafu mama awaendee mama za wale wenzake watatu. Asiende kushtaki. Aende kusema, "Wangu anatafuna, nadhani na wenu, tufanye nini?" Huko Aisilandi walilichukua suala la vijana na ulevi kwa uzito wa taifa zima. Mwaka 1998 asilimia 42 ya wanafunzi wao wa miaka 15 na 16 walisema walilewa katika mwezi uliotangulia. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Waliowahi kuvuta bangi nao walishuka kutoka asilimia 17 hadi 7. Serikali ililipia michezo na muziki baada ya shule, na hilo lina gharama yake. Lakini wazazi pia walikubaliana kwa maandishi saa za watoto kuwa nyumbani, wakazunguka mitaani usiku kuangalia. Hayo hayahitaji bajeti. Mama wanne wa mtaa mmoja wakikubaliana kwamba baada ya Isha kila mtoto yuko kwao, hakuna mtoto atakayesema "mbona wenzangu wanaruhusiwa", na baraza litakuwa tupu kabla ya saa tatu.

Kijana naye apewe kitu cha kusema atakapoitwa. "Mama amekataa" humdhalilisha. "Nina mechi kesho" au "nimefunga" hupita bila kelele, hivyo awe na timu kweli, na kama anapenda kufunga Jumatatu na Alhamisi atiwe moyo. Wakubaliane pia alama ya simu: akimbip mama mara mbili, mama ampigie na kumwita dukani kwa sauti ambayo wenzake wataisikia.

Akiacha, siku za mwanzo atakuwa mchovu, mwenye hasira za karibu, mwenye kulala sana. Aachwe alale, apikiwe. Lakini akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, akidai kuna watu wanamfuata, au akikaa siku kadhaa bila kulala, mama asingoje: aende hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Port Reitz, Mombasa, ina kitengo cha afya ya akili. Hata kabla ya kufika huko, nambari ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192 na hupigwa bila malipo, na mzazi anaweza kupiga yeye mwenyewe hata kama mtoto hayuko tayari kuzungumza.

Shangazi ana ombi pia kwa wasomaji wengine. Wazazi wa Kisauni, Likoni na Changamwe ambao tayari wamekubaliana na majirani saa ya watoto kurudi nyumbani, iandikieni safu hii mtueleze mlianzaje na nani aliyekataa. Mama Kijana anawahitaji kuliko anavyomhitaji Shangazi.