Mgeni Wenu Mmeshampa Jembe?

Leo najibu ujumbe wa mwanachuo mmoja wa hapa Dodoma: “Dada, darasani kwetu kuna kijana Mkongo aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Tunampenda, tena tulimchangia hela ya madaftari. Lakini kipindi kikiisha anayeyuka. Tumemkosea nini?”

Hamjamkosea, wangu. Mmemfanya mgeni mno. Hata mimi nilishapita hapo.

Nikiwa mwaka wa pili nilipanga huku Mkonze, nyumba ya vyumba sita, bomba moja. Chumba cha mwisho akahamia binti, mwanachuo mwenzangu, wazazi wake walitoka Fizi, Kivu Kusini. Siku hiyohiyo nikampelekea mchele kilo mbili na magauni yangu ya zamani. Hata hajatandika kitanda, nikamuuliza: “Pole mwaya, mlikimbia nini huko?” Akasema, “Vita.” Akashukuru, akafunga mlango. Wiki tatu nzima tukabaki watu wa “mambo” na “poa”.

Jumamosi moja natwanga kisamvu, mchi ukapasuka. Nikamgongea kuazima. Akatoka nao, akasimama akinitazama, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka. “Hii sombe utaimaliza kesho!” Akanisukuma pembeni, akashika kinu mwenyewe. Kisha akaingia ndani, akarudi na chupa ya mawese. Jioni tukala ugali sinia moja, sombe yake huku, mlenda wangu kule. Habari za maisha yake kambini Nyarugusu zikaja zenyewe, sijauliza neno.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi tunausikia msemo huo kama wa kumfukuza mtu. Mimi siku ile niliusikia vingine: mwenye jembe ana mahali shambani. Mtu wa kupokea tu kila siku, mwisho huona aibu hata kupita mlangoni kwako.

Basi huyo kijana wenu mpeni jembe. Shule za Wakongo kule Nyarugusu hufuata mtaala wa kwao, kwa Kifaransa. Kiingereza cha mhadhiri huenda kinampiga chenga kuliko kinavyowapiga ninyi. Badilishaneni: ninyi mkae naye kwenye maelezo ya darasani, yeye awafundishe Kifaransa. Na kwenye diskasheni msimweke kona ya kusikiliza, mpeni mada aieleze yeye. Mkimkuta ni jembe kweli, msishangae!

Halafu kuna haya ya kuchunga. Bumu, yaani mkopo wa HESLB, ni la Watanzania. Wapo wakimbizi wachache wanaosomeshwa kwa ufadhili kama wa DAFI, wengine hujikongoja na ndugu zao. Kwa hiyo bumu likiingia, msipange mchango wa kuku na soda kwa sauti mbele ya mtu ambaye simu yake haijalia. Pikeni gheto, kila mtu alete alichonacho, hata kama ni mikono ya kumenya vitunguu.

Akikataa safari ya darasa, msimng'ang'anie. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi awe na kibali ili kutoka kwenye eneo alilopangiwa, kwa hiyo safari kwake si begi na nauli tu. Mwambieni mapema, na mkiona inafaa mwende naye kwa mshauri wa wanafunzi. Picha zake msizirushe mtandaoni bila ruhusa yake.

Na hilo neno “mkimbizi” lisigeuke jina. Si kila Mrundi au Mkongo ni mkimbizi. Wapo pia wenzenu waliozaliwa Katumba, Mishamo au Ulyankulu, watoto wa Warundi waliokimbilia nchini 1972. Familia hizo, zaidi ya watu 160,000, zilikubaliwa uraia, na vyeti vikaanza kutolewa 2014. Huyo ni Mtanzania kama wewe, utani wa “rudi kwenu” unamchoma.

Wala hatuanzi leo kuishi na wageni. Kongwa, humuhumu mkoani kwetu, miaka ya 1960 walipiga kambi wapigania uhuru wa ANC, FRELIMO na SWAPO. Wenyeji wa pale hawakuishia kuwahurumia. Wapo waliozaa nao, na damu hiyo bado ipo Kongwa hadi leo.

Kwa hiyo kesho, mdogo wangu, usiende na bahasha nyingine ya mchango. Nenda na shida yako. Omba kalamu, omba chumvi, omba akufafanulie swali la tatu.

Yule jirani yangu, baada ya sombe ile, alianza kuniita “yaya”. Nilinuna siku mbili: mimi nilee mtoto wa nani? Nilipomuuliza alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kwao yaya ni dada mkubwa.

Mchi wake ninao mpaka leo. Hajawahi kuudai.