Tochi ya Bwenini: Mafunzo Niliyopata Kuhusu Urafiki na Haki

1. Aliye peke yake hulaumu mguu wake

Utotoni, huko Miono, Tanzania, mguu wangu uliopooza ulikuwa anwani ya nyumba yetu: mgeni akiuliza njia, anaambiwa aulizie kwa mtoto wa magongo. Watu hawakuwa wabaya. Siku ya gulio hakukosekana wa kunibebea mzigo. Ila sikuwahi kusikia kwao niliyoyasikia bwenini kutoka kwa mwanafunzi mwenzangu asiyeona: "Mguu wako hauna neno. Tatizo ni ngazi za bwalo." Ngazi hizo zilikuwa zimeshamwangusha na yeye.

2. Ulemavu peke yake hauleti urafiki

Shule yetu ilikuwa ya kawaida, yenye kitengo cha elimu maalumu. Tulilala bweni moja: wasioona, viziwi, wenye ualbino na sisi wa magongo. Kila kundi lilijitenga, na sisi wa magongo, sijui kwa kiburi gani, tulijiona afadhali.

Umeme ndio uliotushikisha adabu. Ukikatika, asiyeona anaendelea kusoma nukta nundu zake chini ya shuka huku sisi tunapapasa kuta. Anayeumia ni kiziwi, maana gizani mikono haionekani. Basi tukawa tunamulika tochi mikononi mwa anayezungumza. Mwalimu wa zamu akapiga marufuku tochi baada ya saa nne. Tukamwendea wote kwa pamoja, wasioona mbele, kuitetea taa ambayo wao hawakuwa na haja nayo. Akalegeza.

Ukubwani, nilipokuta CHAVITA ya viziwi, TLB ya wasioona na CHAWATA ya wenye ulemavu wa viungo vikikaa chini ya shirikisho moja, SHIVYAWATA, sikuhitaji kuelezwa sababu.

3. Serikali huogopa watu wanaojuana

Huko Marekani, kwenye milima ya Catskill, New York, palikuwa na kambi ya likizo ya vijana wenye ulemavu iitwayo Camp Jened. Mwanaharakati Judith Heumann, aliyeugua polio utotoni, alipita pale, na wenzake kadhaa wa kambi alikuja kuwa nao tena katika mapambano. Aprili 1977 walikuwamo miongoni mwa watu zaidi ya mia moja walioingia jengo la serikali San Francisco wakakataa kutoka, wakidai zisainiwe kanuni za kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973 iliyokataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu. Simu zilipokatwa, viziwi walizungumza na wa nje kwa mikono, madirishani. Wanachama wa Black Panther, chama cha Wamarekani weusi, wakawaletea chakula. Kabla mwezi haujaisha, kanuni zilisainiwa.

Nilipoona habari hiyo katika filamu ya Crip Camp ya mwaka 2020, yale madirisha niliyaelewa haraka kuliko hotuba zote.

4. Sheria inataka kikundi

Hapa Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Niliwahi kuitaja mbele ya mwajiri mmoja. Akanipongeza kwa kusoma, akanipa soda. Tulipokwenda watatu, alimwita mtu wa utumishi.

Hata asilimia 2 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo yetu isiyo na riba, kwa kawaida huombwa na kikundi. Mjini ni rahisi. Kwetu mmoja yuko Miono, mwingine Mkange, mwingine Kiwangwa, na bodaboda anayekubali kufunga baiskeli ya miguu mitatu anajua bei yake. Kikao kimoja kinaweza kula faida ya mwezi. Wanaoandika miongozo wangepanda hiyo bodaboda japo mara moja.

5. Mzozo hauishi

Ili kupunguza nauli hizo, tunazungumza pia kwenye kundi letu la WhatsApp, lenye kanuni moja. Asiyeona anapenda kutuma sauti, kiziwi anataka maandishi. Kwa hiyo sauti ikitumwa, lazima mwingine aiandike chini yake. Kazi hiyo mara nyingi inaniangukia mimi, na nimeshaomba zamu ibadilishwe.